Gari lilichemsha Kitonga, sasa linakunywa maji: kabla hujakubali hedi ifunguliwe

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Gari dogo lenye injini ya 1NZ ya Toyota, lilichemsha ukipanda mlima Kitonga, ukapaki pembeni, ukaongeza maji likapoa, ukafika Iringa. Tangu urudi Dar linapunguza maji na chini huoni hata tone. Fundi mmoja amekuonyesha utando chini ya kifuniko cha oili, anasema gasketi ya hedi (bati jembamba linaloziba kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake) imeungua, hedi ifunguliwe. Mwingine anasema toa themostati uendelee na safari zako. Nimeshinda gereji miaka mingi, na jibu langu ni hili: huyo wa gasketi anaweza kuwa sahihi lakini hajakuonyesha ushahidi wa kutosha, na huyo wa themostati mwambie ahsante, upite.

Nimalizane naye kwanza. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike kama nyuzi 82, halafu inafunguka. Ukiitoa, kwenye barabara ya tambarare injini inakaa baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani gari ndio kwanza limewashwa, na unywaji unapanda. Mbaya zaidi, injini nyingine zina themostati yenye kisahani cha nyuma kinachoziba njia ya mkato ikishafunguka. Ukiiondoa hiyo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani unachemsha kuliko mwanzo. Kama unaishuku, itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone kama inafunguka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Sasa turudi Kitonga. Pale unapanda nyuma ya malori, mwendo mdogo, gia nzito, upepo wa mbele hakuna, kazi yote ya kupoza inabaki kwa feni. Feni iliyochoka au rejeta iliyoziba nusu unaweza kuishi nayo Dar mwaka mzima bila kujua. Halafu kuna mfuniko wa rejeta, ambao watu wanaudharau kwa sababu ni wa bei rahisi. Maji matupu huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari, na huko juu Iringa, zaidi ya mita 1,500, huchemka kwenye 95 hivi. Mfuniko mzima wenye alama ya 1.1 (kipimo cha presha) unabana mfumo hadi maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Springi yake ikilegea au raba ikikatika, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye kichupa cha akiba, kisha nje. Kwa hiyo hata ukibadili gasketi leo, usipojua kilichochemsha gari siku ile, utaibadili tena.

Maji yanayopotea yanakwenda nje, yanageuka mvuke ndani ya silinda, au yanaingia kwenye oili. Anza na nje, hata kama huoni tone. Kulanti (yale maji ya rangi ya kupozea injini) inayovuja kidogo kwenye chuma cha moto inakauka hapo hapo na kuacha ukoko tu, mweupe au wa rangi ya kulanti yenyewe. Chukua tochi, gari likiwa limepoa, uangalie chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo cha makusudi, sili ikichoka maji hutokea pale, na mengine hutoka pampu ikiwa baridi tu, ikipata moto inabana yenyewe. Angalia kwenye maungio ya rejeta, pale plastiki ya juu ilipobanwa na bati. Angalia mipira inayokwenda kwenye hita nyuma ya injini, ambayo fundi mvivu hawezi kuifikia. Shika zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa na unyevu unaonata, na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye harufu tamu, hita yako imetoboka na hedi yako haina kosa.

Nakumbuka Toyota Noah moja iliyoletwa ikiwa imeshahukumiwa gereji nyingine kwamba gasketi imekwisha. Mwenye gari alikuwa tayari na hela ya kufungua. Dalili zilikuwa hizi zako: maji yanapungua, chini pakavu, ikisimama haivujishi. Zile Noah zenye hita ya nyuma zina mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu mpaka nyuma, yameungwa kwa mipira. Tulipopampu presha kwenye rejeta gari likiwa juu ya stendi, kukatokea unyunyu mwembamba katikati ya bodi, mahali ambapo bomba lilikuwa limeliwa na kutu. Barabarani upepo ulikuwa unapeperusha yale maji yote, gari likipaki presha inashuka na bomba linanyamaza. Tulikata kipande kibovu, tukaunga kwa mpira na klipu. Hedi haikuguswa.

Hiyo pampu ya presha ndiyo kitu cha kwanza cha kudai. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa. Fundi anapampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, 0.9 au 1.1, asizidishe, kisha mnasubiri dakika 15. Mshale ukitulia, mfumo unabana. Ukishuka na mkaona maji yanatoka mahali, mmepata. Ukishuka na hamuoni kitu popote, ndipo moyo unaanza kudunda: toeni plagi zote, acheni presha ikae muda mrefu, halafu mzungushe injini kwa stata mkiwa mmesimama pembeni. Silinda yenye tatizo inatema maji kwenye tundu la plagi. Gereji isiyo na kifaa hiki inakisia tu, na bili ya makisio unalipa wewe.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe kesho asubuhi, bure. Gari likiwa limelala usiku, fungua mfuniko (likiwa baridi, tafadhali, ule mvuke umechoma watu nyuso), jaza maji mpaka shingoni, washa. Wacha mapovu ya mwanzo yapite, hiyo ni hewa iliyokwama. Kama dakika zinapita na mapovu hayakomi, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka, hiyo ni gesi ya silinda inayopenya kwenye njia za maji. Siku nyingine funga mfuniko kabla ya kuwasha, na baada ya dakika mbili tatu bonyeza mpira mkubwa wa juu. Maji bado ni ya uvuguvugu, mpira umeshakuwa mgumu? Joto halijafika kiasi cha kuleta presha hiyo. Imetoka kwenye silinda.

Ukitaka uthibitisho wa kumfunga mdomo kila mtu, kuna kichupa chenye dawa ya buluu kinachokaa juu ya shingo ya rejeta na kuvuta hewa iliyo juu ya maji injini ikiwa inaunguruma. Kukiwa na gesi ya moshi dawa inageuka njano. Sharti punguza maji kidogo kwanza, maana dawa ikinyonya kulanti kipimo kimeharibika. Na usiwe na haraka. Gasketi iliyoanza tu kupenya hutoa gesi kidogo, wakati mwingine haitoi kabisa mpaka injini ipate moto na kukanyagwa.

Plagi nazo zinaongea. Zipange kwa mfuatano wa silinda. Silinda inayoingiza maji, plagi yake inakuwa safi kupita nyingine, imeoshwa na mvuke. Unganisha na dalili ya asubuhi: gari linawaka kwa kutetemeka, silinda moja haipigi kwa sekunde kadhaa, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, kisha linatulia. Hayo mawili yakikutana mimi huwa sihitaji kushawishiwa zaidi. Mvuke mwembamba wa asubuhi ya baridi unaopotea injini ikipata moto ni jambo la kawaida, hata gari jipya unalo.

Kuhusu ule utando aliokuonyesha fundi chini ya kifuniko cha oili, taratibu. Gari la safari fupi fupi za mjini hushika unyevu pale juu na kutengeneza utando wa maziwa bila gasketi kuwa na tatizo. Chomoa stiki. Oili yote ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, hapo usiwashe tena hata kusogeza gari, kwa sababu beringi zinasagika. Na ukikuta tope la pinki ndani ya rejeta la gari la otomatiki, usikimbilie hedi. Mafuta ya gia boksi nayo hupozwa ndani ya rejeta, kale kapoza kakitoboka maji na mafuta vinachanganyika. Hilo ni tatizo la gia boksi na linaua haraka kuliko gasketi.

Ikithibitika ni gasketi, kazi yako ni kusimamia namna itakavyofanywa. Hedi ifunguliwe injini ikiwa baridi, nati zilegezwe kuanzia ncha kuja katikati. Kukaza ni kinyume, katikati kwenda ncha, kwa torki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) na nyuzi za pembe zilizo kwenye kitabu cha injini. Iwekewe rula ya chuma na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa injini ndogo za aluminiamu kupinda kunakoruhusiwa ni kama milimita 0.05, kitu ambacho jicho halioni, hivyo ukisikia "nimeitazama iko sawa" jua haijapimwa. Kama imepinda, watu wa mashine mtaa wa Gerezani, Dar, wataisawazisha, na waambie waipime kwa presha pia, maana ufa mdogo katikati ya vali hauonekani. Bloku nayo ipimwe, watu huisahau. Anayesugua hedi kwa msasa wa mkono na kuipaka silikoni juu ya gasketi ya chuma, mnyang'anye spana. Dawa za kuziba, pamoja na mayai na manjano ambayo watu hutia kwenye rejeta, huziba vijia vya rejeta na hita kabla hazijaziba tundu lako.

Wakati unasubiri kupima, usiuamini sana mshale wa joto kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati kwa joto la upana mkubwa, na maji yakishuka chini ya sensa, sensa inapima hewa, mshale unaweza kutulia huku injini inaungua. Kama gari lako halina geji, lina taa ya bluu na nyekundu tu, nyekundu ikiwaka zima hapo hapo. Na ukichemsha tena, usimwagie injini maji ya baridi, hedi na bloku zinaweza kupasuka.

Kesho fanya kile kipimo cha mapovu, na piga picha plagi zote nne zikiwa zimepangwa kuanzia silinda ya kwanza, na ndani ya shingo ya rejeta. Ziweke hapa pamoja na namba iliyo kwenye mfuniko wako, tuone.