Makala inakula wikiendi nzima? Punguza mada kwanza

Mkuu, umesema makala moja ya kuku wa kienyeji inakula wikiendi nzima na bado huipendi. Tatizo sio spidi ya kutaipu, ni kwamba unaandika huku unatafuta cha kusema huku unafuta, kazi tatu kwa mpigo.

Chagua swali moja watu wanalokuuliza kila siku, mfano chanjo ya kideri (ule ugonjwa wa kuku, Newcastle) inatolewaje. "Yote kuhusu ufugaji" hicho ni kitabu, achana nacho. Halafu washa kuandika kwa sauti kwenye Gboard, ile kibodi ya Google ya simu, Kiswahili kipo, ongea kama unamwelekeza jirani: chanjo ya kideri aina ya I-2, tone moja jichoni kila kuku, unarudia kila miezi 3, basi rasimu hiyo hapo, chafu lakini ipo. Spelingi usiguse kwanza. Usichokuwa na uhakika nacho weka XX usonge mbele, maana ukifungua tu Google utajikuta YouTube unaangalia mpira 😂

Utangulizi andika mwisho kabisa, ndo unaokwamisha wengi. Asubuhi isome kwa sauti, sentensi inayokukata pumzi ikate. Na picha piga za banda lako mwenyewe, hizo za kudaunlodi kila mtu kashaziona.