Nisomeje algoridhimu ili niweze kuziandika mwenyewe?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya kompyuta, na kwa sasa nipo nyumbani Newala, ambako mchana ninasaidia kuokota korosho. Usiku ninarudia somo la algoridhimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, hadi ninaelewa kila mstari, lakini nikipewa swali jipya ninashindwa hata kuanza. Nisomeje?

Jibu: Marahaba. Kulielewa suluhisho lililokwisha kuandikwa na kulitunga mwenyewe ni kazi mbili tofauti, nawe unajizoeza ile ya kwanza peke yake. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliosoma habari fulani mara nne walikumbuka takribani asilimia 40 baada ya wiki moja, ilhali waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kuitazama walikumbuka takribani asilimia 61. Baada ya dakika 5 tu, waliorudia kusoma ndio walioongoza, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Jaribio lile halikuhusu programu, lakini naamini funzo lake linatufaa.

Basi funika daftari uandike kwa kalamu. Chukua utafutaji wa kugawa orodha nusu kwa nusu: panga namba 3, 8, 12, 19, 25, 31 na 40 katika nafasi ya 0 hadi ya 6, kisha itafute 40 huku ukiandika kila hatua nafasi za mwanzo, kati na mwisho. Kati ni nusu ya jumla ya mwanzo na mwisho, ukiacha sehemu ya desimali. Kati ikiwa na namba ndogo kuliko unayoitafuta, mwanzo mpya ni kati ongeza 1. Jaribu kwa makusudi kuiacha hiyo 1: utaona mwanzo unafika 5, mwisho ni 6, kati inarudi kuwa 5, na programu inazunguka hapo bila kikomo. Ukishaliona kosa hilo kwa mkono wako, utalitambua hata katika programu ndefu.

Kazi hii haihitaji kompyuta, hivyo hata umeme ukikatika unaendelea kwa taa. Kwa kuwa jioni umechoka, nusu saa inatosha, mradi mada ileile uirudie kesho kutwa na tena wiki ijayo.

Kuhusu kushindwa kuanza, nadhani unafanya maswali ya sura moja mfululizo, ambapo kichwa cha sura kimekwisha kukutajia mbinu. Mtihani haukutajii. Changanya maswali ya sura tatu au nne, na kabla ya kutatua lolote, andika sentensi moja inayoeleza ni mbinu ipi inafaa na kwa nini. Ukikwama, vumilia dakika 20 kabla ya kufungua jibu. Ukishalisoma, lifunge, uliandike upya lote kutoka kichwani.