Mama anaharisha miezi mitatu, kamera inasema utumbo safi

Dada, pole sana na mama. Nimekuelewa: ana miaka 58, anaharisha majimaji miezi mitatu, choo kimepimwa hakina kitu, kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) imeonyesha utumbo mzuri, na sasa mmeshauriwa mtafute hospitali yenye kamera za kisasa zaidi.

Kabla hamjatoa hela nyingine, ombeni ripoti ya kipimo cha kwanza mwangalie jambo moja: je, walichukua vinyama, yaani vipande vidogo vya ukuta wa utumbo vya kupima maabara? Kuna ugonjwa wa utumbo mpana unaoitwa kolaitisi ya mikroskopu, huwapata zaidi akina mama wa umri huo. Kwenye kamera ukuta wa utumbo mara nyingi unaonekana wa kawaida kabisa. Uvimbe wa ukuta huo (inflamesheni) unaonekana maabara tu, kwa hadubini, na vinyama vinapaswa kutolewa upande wa kulia na wa kushoto wa utumbo mpana, hata kama hakuna kidonda. Nimefanya kazi chumba cha endoskopi, na hili ndilo ningeuliza kwanza kwa mama yangu.

Kamera zinazokuza picha zina faida yake, mfano kuona utando wa utumbo mdogo uliosinyaa kwa wenye ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika na gluteni ya ngano). Hata hapo, kinyama bado kinahitajika.

Mpelekeeni daktari dawa zake zote. Diklofenaki ya maumivu ya magoti na omeprazoli ya asidi tumboni zinaweza kuchangia, ila asiziache bila kumuuliza. Ulizeni pia kuhusu vipimo vya thairoidi na VVU kama havijafanyika.

Akitoa damu, akipata homa, au akiwa na kizunguzungu na mkojo kidogo, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.