Maswali na majibu: Gitaa la zamani, ni lenyewe au limechakachuliwa?

Mwezi huu barua nyingi zinazunguka jambo moja. Mtu ameona gitaa la umeme la miaka ya 60 au 70, bei yake ni ya gari, muuzaji ana haraka, na mnunuzi anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimechagua yale maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Shikamoo fundi. Nimeoneshwa Fender Stratocaster inayosemwa ni ya 1963. Sahani ya chuma nyuma ina namba inayoanza na L, na nimeangalia mtandaoni, namba inalingana na mwaka huo. Nilipe? Msomaji, Mombasa

Marahaba. Usilipe bado. Sahani hiyo imeshikwa na skrubu nne tu. Kuitoa kwenye gitaa lililovunjika na kuifunga kwenye jingine ni kazi ya dakika chache, na sahani halisi za zamani huuzwa peke yake. Zenye L zilianza kutumika mwishoni mwa 1962 zikaendelea hadi 1965, na kiwandani kwao Fullerton, California, hazikufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba. Kwa hiyo L inakuambia kwamba gitaa linaweza kuwa la wakati huo, basi.

Sasa fungua shingo. Kwenye kisigino, yaani ule mwisho wa shingo unaozama ndani ya mwili, Fender walianza kugonga muhuri wa wino mwaka 1962. Kabla ya hapo waliandika kwa penseli. Utakuta kitu kama 2 JUL 63 B. Wengi husoma tarehe 2 Julai, na hata wauzaji wazoefu hukosea hapo. Ile 2 ni alama ya aina ya gitaa, Stratocaster. Kinachofuata ni mwezi na mwaka wa shingo, na B ni upana wa shingo pale juu karibu na kichwa, upana uliokuwa wa kawaida.

Hapohapo kisiginoni utazame ubao wa vidole, ule unapobonyezea nyuzi, kwa upande wa kukatwa kwake. Kati ya 1959 na katikati ya 1962 rozwudi yao, mbao ngumu ya kahawia iliyokolea, ilikuwa ubao mnene, bapa upande wa chini. Baada ya hapo ikawa nyembamba, imepinda kufuata mviringo wa shingo. Stratocaster ya 1963 yenye ubao mnene ulio bapa inahitaji maelezo mazuri sana. Vidoti vyake pia viwe vya rangi ya udongo, visivyometa. Vile vya kung'aa kama lulu vilianza mwishoni mwa 1964.

Halafu bamba la plastiki la mbele. Chini yake nyaya ziwe zimevikwa kitambaa, si plastiki. Kwenye mbao tafuta vitundu vidogo vya misumari. Enzi hizo mwili ulipigiliwa misumari michache ili usiguse meza wakati wa kupakwa rangi, na misumari ikatolewa baada ya rangi kukauka. Ndani ya kitundu utaona mbao tupu. Ukikuta rangi imeingia mpaka ndani ya kitundu, gitaa limepakwa upya, hata kama juu linapendeza namna gani.

Mimi sitafuti alama moja ya kunimaliza wasiwasi. Natafuta mashahidi wasiojuana wanaotoa habari moja: muhuri, ubao, nyaya, vitundu, na poti za chini ya vitufe vya sauti. Mtu anayeghushi humpanga mmoja au wawili. Kuwapanga wote kunamgharimu kiasi kwamba wengi hawajisumbui.

Muuzaji wangu anakataa lisifunguliwe. Anasema gitaa ambalo halijaguswa likifunguliwa linapoteza thamani. Ni kweli? Msomaji, Nairobi

Si kweli. Kinachoshusha thamani ni mkono mbaya: skrubu iliyolika kichwa kwa bisibisi isiyo saizi yake, plastiki ya zamani iliyopasuliwa kwa kulazimishwa, lehemu ya kiwandani iliyoyeyushwa bila sababu. Hofu hiyo ni ya haki na ina dawa. Mwambie fundi mnayemwamini wote wawili alifungue mbele yenu, nyuzi zilegezwe kwanza, na asiguse kiungo chochote kwa moto. Kama muuzaji yuko mbali, aombe fundi wa kwao apige picha za kisigino, za shimo la shingo na za migongo ya poti, kila picha iwe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Akikataa na hilo, achana naye. Mwenye mali safi ya bei hiyo huwa tayari anazo picha, kwa sababu kila mnunuzi makini humwomba.

Unasema tusome poti, lakini zile namba nyuma yake ni fumbo. Yangu imeandikwa 3046320. Msomaji, Dar es Salaam

Poti ni kile kifaa cha mviringo kilicho chini ya kitufe cha sauti. Viwanda vya Marekani vilizipiga chapa kwa mfumo mmoja, na ukishaujua hausahauliki. Tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Yako ni ya Stackpole, wiki ya 20 ya 1963, yaani katikati ya Mei. Kwenye poti za miaka ya 50 mwaka huandikwa kwa tarakimu moja tu, hivyo usishangae namba ikiwa fupi.

Namna ya kuitumia ndiyo muhimu. Poti inakupa tarehe ambayo gitaa haliwezi kuitangulia. Kama umeuziwa "1962" na poti zote tatu ni za Mei 1963, ama zimebadilishwa ama mwaka wa gitaa ni wa uongo. Kinyume chake hakina tatizo: poti zilikaa ghalani, zikafungwa miezi kadhaa baadaye. Kuna mfano mmoja unaowachanganya watu kila siku. Mwaka 1966 Fender, ikiwa tayari chini ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani iliyoinunua Januari 1965, ilijaza ghala kwa poti nyingi mno za CTS. Ndiyo maana magitaa ya 1967, 1968, hata 1969 hukutwa na poti za 1966. Hizo usizikatae.

Tazama na lehemu. Ya zamani imefifia, imekaa kwa utulivu, na mara nyingi ina vumbi juu yake. Inayong'aa kama sarafu mpya ni ya majuzi. Ikiwa poti ni moja tu iliyobadilishwa kwa sababu ilichoka, si kosa, ilimradi umeambiwa.

Rafiki yangu Minnesota ananiuzia Gibson Les Paul Standard, namba 81230547. Ni ya mwaka gani, na nitajuaje si ile ya kughushi? Msomaji, Kampala

Kuanzia 1977 Gibson walitumia tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano zikiunganishwa ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka, na tatu za mwisho ni zamu ya gitaa siku hiyo. Yako inasomeka siku ya 123 ya 1980, ambayo ni Mei 2. Kwa kipindi hicho, zamu chini ya 500 ni za Kalamazoo, Michigan, na kuanzia 500 ni za Nashville. Hii ni 547, Nashville. Kalamazoo ilifungwa 1984, kwa hiyo baadaye mgawanyo huo haufuatwi tena.

Lakini waghushi nao wanaujua mfumo huu, na namba moja halisi hunakiliwa kwenye magitaa mengi. Geuza kichwa cha gitaa. Chini ya namba kuwe na maneno Made in USA yaliyogongwa ndani ya mbao. Gibson walianza kuyagonga 1970. Les Paul za kawaida kuanzia hapo hadi karibu 1981 zina nundu nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa, iliyowekwa kuimarisha mahali panapovunjika kirahisi. Ukikuta Standard ya 1980 haina nundu, uliza kwa nini. Kisha tazama kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kichwani. Cha Gibson hushikwa na skrubu mbili. Magitaa mengi ya kughushi yana tatu, na ukikifungua unakuta tundu la kuingiza ufunguo wa pembe sita, wakati Gibson ana nati ya shaba inayokazwa kwa spana ya bomba. Vigingi vya daraja navyo: vikiwa vinene, vyenye mfereji mpana wa bisibisi bapa juu, simama hapohapo.

Za 1958 hadi 1960 zenye rangi ya machweo ni habari nyingine. Bei zake zinafika mamia ya maelfu ya dola, na kwa fedha hizo wapo mafundi hodari waliogeuza Les Paul halisi za dhahabu za miaka ya kabla yake. Huko usiende kwa ushauri wa safu hii peke yake. Lipia mtaalamu alishike mkononi.

Nyufa nyembamba kwenye rangi ni ushahidi wa uzee? Msomaji, Arusha

Zinaweza kuwa. Magitaa mengi ya Marekani ya enzi hizo yalipakwa lakeri ya nitroselulosi, ambayo hukakamaa kadiri miaka inavyopita. Mbao ikitanuka na kunywea kwa joto na baridi, lakeri inapasuka. Siku hizi nyufa hutengenezwa kwa friji na wembe. Za wembe hunyooka mno na hupita sehemu ambazo mbao haiendi hivyo.

Tumia taa ya zambarau, ileile ya kukagulia noti inayokaa kwenye kaunta za maduka. Ingia chumba cha giza, mulika mwili wote polepole. Lakeri ya zamani hung'aa kijani cha kufifia au njano. Palipopakwa upya au kuzibwa panaonekana kama kiraka cheusi. Shingo ya Gibson iliyovunjika ikagundishwa vizuri, jicho halioni chochote mchana, lakini chini ya taa hii mstari unatokea. Kwangu hakuna kifaa cha bei rahisi kinachookoa fedha nyingi kuliko hiki.

Tahadhari moja: Fender walianza kutumia poliesta 1968, na hiyo haing'ai hivyo. Usilihukumu gitaa la 1974 kwa kipimo cha lile la 1962.

Limepakwa rangi upya, lakini vingine vyote ni halisi. Hilo ni feki? Msomaji, Zanzibar

Hapana. Ni gitaa halisi lililobadilishwa, na soko kwa kawaida hukata karibu nusu ya bei. Kwa mtu anayetaka kupiga muziki na si kuweka kabatini, mimi naona ndilo la kununua. Feki ni pale muuzaji anapokuficha.

Nimepewa Greco ya Japani ya miaka ya 70, mtu ananiambia ni takataka ya kuiga. Msomaji, Kigali

Amekosea. Greco, Tokai, Burny na Ibanez za wakati huo zilinakili maumbo ya Marekani, ila ziliuzwa kwa majina yao, na nyingine zilitengenezwa kwa ubora wa juu kabisa. Mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson iliwashtaki wasambazaji wa Ibanez nchini Marekani kuhusu umbo la kichwa, na shauri likaisha kwa maelewano. Hatari iko kwingine: mtu anafuta jina la Kijapani na kubandika la Gibson. Skrubu zitamfichua. Za Japani ni za vipimo vya milimita, na poti zake hazina zile 137 wala 304.

Ndugu yangu yuko Marekani, anataka kuniletea Fender ya 1962 hapa Muscat. Kuna shida mpakani? Msomaji, Muscat

Inaweza kuwepo, na sababu ni ubao wa vidole. Rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, iliyotumika sana kwenye magitaa ya wakati huo, iko katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Kuipitisha mpakani kunahitaji vibali vinavyoonesha kwamba mbao ilivunwa kabla ya marufuku. Msamaha uliotolewa 2019 kwa ala za muziki zilizokamilika unahusu ndugu zake wa Kiambatisho cha Pili, akiwemo mpingo wetu unaochongewa klarineti, lakini haumgusi huyu wa Brazili. Ndugu yako aombe vibali kabla ya kukata tiketi. Na ripoti ya fundi inayothibitisha mwaka itamsaidia katika maombi.

Marehemu baba alipiga rizimu kwenye bendi ya dansi miaka ya 70. Ameacha gitaa limeandikwa Fender, lakini vipande havifanani. Vijana wananishauri nilipige msasa na kulipaka upya nipate kuliuza. Msomaji, Morogoro

Pole kwa msiba, mwanangu. Msasa usiguse kabisa. Gitaa la kazi hutengenezwa kwa kilichopatikana: shingo ya hili, daraja la lile. Kipande kimoja tu cha miaka ya 60 kinaweza kuwa na thamani kuliko vingine vyote, na mkichubua mtafuta ushahidi wake. Usitupe hata skrubu ya kutu wala kasha lake. Tafuta picha za bendi ambazo baba amelishika. Michubuko inayoonekana pale ikilingana na iliyopo leo, mnunuzi anajua mwili huo umekuwa mikononi mwenu tangu wakati ule, na hilo hulipiwa. Kisha nitumie picha mbili, ya kisigino cha shingo na ya migongo ya poti, nikuandikie ni la lini kabla hujataja bei kwa mtu yeyote.