Usiipeleke Premio hiyo Arua kabla hujaona chini ya giaboksi

Usiende Arua, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, na gari hilo. Panda basi, omba lifti, ahirisha safari, lakini Toyota Premio hiyo isivuke hata Bwaise, hapahapa Kampala, kabla hujaiinua na kuona uvungu wa giaboksi kwa macho yako mwenyewe.

Umeandika kwamba matatu ilikusukuma pale Busega, gurudumu la mbele kushoto likagonga ukingo wa barabara, bampa ikapasuka, rimu ikakwaruzika, na fundi akasema "ni bodi tu". Unauliza pa kupata rangi nyeupe ya lulu inayofanana na yako, kama umdai dereva wa matatu au uende polisi, na kama unaweza kusafiri Ijumaa. Halafu mwishoni kabisa unataja kwamba ukikata kona unasikia tak-tak. Ndugu yangu, hiyo tak-tak ndiyo habari yenyewe. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Toyota Spacio yangu ilipigwa vivyo hivyo: gurudumu la mbele kushoto, mwendo mdogo, eabegi hazikufunguka, hata taa haikuvunjika. Gereji niliyoipeleka ilianza kwa kuiosha. Wakapiga maji ya presha mpaka uvunguni, ati fundi afanye kazi mahali safi. Maji yale yalifuta ushahidi wote. Oili iliyoanza kujipaka pembeni mwa giaboksi, grisi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu, vumbi lililokwanguka pale chuma kiliposogea, vyote vikaenda na mtaro. Kisha wakanyoosha amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) kwa moto na nyundo, wakaipeleka alaimenti (kupanga magurudumu yanyooke), wakapiga rangi. Msimamizi akanikabidhi ufunguo akisema gari limekuwa kama jipya.

Lilikuwa linavuja. Hapakuwa na dimbwi chini, kwa sababu oili ilitoka gari likiwa kwenye mwendo tu, shafti ya gurudumu inazunguka, na upepo unaipeleka nyuma. Baada ya Luwero, tunakaribia Migyera, kwenye barabara ya kwenda kaskazini, nikakanyaga mafuta nilipite lori: injini ikapiga kelele, mwendo haukuongezeka. Nikaipigia simu gereji ileile. Jibu: "Nunua oili yoyote ya otomatiki, jaza, endelea polepole."

Aliyenijibu hivyo namkasirikia mpaka leo kuliko aliyenigonga. Dereva aliyenigonga hakupata hata sekunde ya kufikiri. Huyu alikuwa amekaa kwenye kiti, ana simu mkononi, na kazi inayomlisha ni hiyohiyo. Mtu anayekwambia uendelee na giaboksi inayoteleza anakutuma ukaiue.

Giaboksi ya otomatiki haiendeshwi na gia peke yake. Kuna pampu inayonyonya oili kutoka chini na kuisukuma kwa presha, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani. Oili ikipungua, pampu inanyonya hewa, presha inashuka, klachi zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Kwenda polepole hakuponyi chochote hapo. Na katika otomatiki nyingi za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imo ndani ya nyumba moja na giaboksi na inatumia oili ileile, kwa hiyo tundu dogo kwenye difu linaikausha giaboksi nzima. Yangu ilipofunguliwa, klachi zilikuwa nyeusi, na chanzo cha yote kikawa sili ya shafti (mpira unaozuia oili isitoke) iliyokaa upande, pamoja na ufa mwembamba kando yake. Sili ni spea ya bei ndogo pale Kisekka, soko la spea Kampala. Giaboksi ilikula milioni kadhaa.

Sasa ufa ulifikaje huko ndani wakati kilichogongwa ni gurudumu? Draivshafti, yaani ile shafti ya gurudumu, inatoka kwenye hab (kitovu) ya gurudumu hadi kwenye difu. Jointi yake ya ndani imetengenezwa iteleze kidogo, kuingia na kutoka, ili gurudumu lipande na kushuka kwenye mashimo. Gurudumu likisukumwa ndani kuliko nafasi hiyo, jointi inafika mwisho wake, na shafti inapiga difu kama mchi unavyopiga kinu. Katika Toyota nyingi za aina hii giaboksi iko upande wa kushoto, kwa hiyo shafti ya kushoto ni fupi na inaingia moja kwa moja. Upande uleule uliogonga wewe.

Tak-tak kwenye kona, hasa ukiwa umekanyaga mafuta, kwa kawaida ni jointi ya nje, ile ya upande wa gurudumu. Kama haikuwapo kabla ya Busega, basi nguvu ya kishindo ilipita kwenye shafti, na ng'ambo ya pili ya shafti hiyo ni difu. Kwa nini fundi wako hataki hata kuinama?

Kanuni yangu ni hii na sitaibadilisha: chini kwanza. Usioshe, usinyooshe, usipige rangi, usisafiri, mpaka uvungu umekaguliwa ukiwa mchafu vilevile. Leo usiku egesha mahali pa tambarare, tandika kadibodi safi chini ya giaboksi na chini ya rejeta, asubuhi uitazame. Ikiwa kavu, usifurahi bado. Nimekwisha kukueleza kuhusu upepo. Liinue gari, liwekwe kwenye stendi imara na si jeki peke yake, kisha tazama pale shafti inapoingia kwenye giaboksi. Sili iliyolala upande, unyevu mpya wa oili, au chuma kinachong'aa mahali pasipotakiwa kung'aa, hayo ndiyo unayotafuta. Mpira wa jointi ukiwa umechanika utaona grisi imetapakaa kote. Weka gia huru, zungusha magurudumu ya mbele yote mawili kwa mkono, linganisha. Linaloyumba lina rimu, hab au shafti iliyopinda.

Pima pia kutoka katikati ya hab ya mbele mpaka katikati ya hab ya nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Tepu yoyote ya kupimia inatosha ikifika. Pande zikitofautiana waziwazi, amu au sabufremu (fremu ya chini inayoshika amu) imesogea, na alaimenti haitatibu hilo. Alaimenti ya kawaida kwenye magari haya inazungusha taarodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu) tu. Inaweza kulifanya gari liende moja kwa moja huku shafti inafanya kazi kwa pembe mbaya kila siku. Dai karatasi ya vipimo, na gurudumu la kushoto likionekana limelala kuliko la kulia, uliza kilichopinda ni nini.

Oili yenyewe: kama giaboksi ina kijiti cha kupimia, ipime ikiwa na joto, injini inanguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Harufu ya kuungua ni habari mbaya. Rangi ya waridi yenye maziwamaziwa ni mbaya zaidi: katika Toyota nyingi za otomatiki oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta ikipasuka kwa ndani maji huingia kwenye klachi. Pua ya gari lako imeguswa, kwa hiyo usiruke hili. Na kama Premio yako ni ya toleo la 2007 kuja huku, giaboksi ni CVT, ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mtu asikujazie T-IV, oili ya otomatiki za kawaida, humo kwa sababu tu ndiyo iliyoko dukani.

Shafti ikibidi kubadilishwa, beba ya zamani mkononi. Linganisha urefu, meno ya kuingilia kwenye difu, na ile ringi ya ABS (breki zinazozuia gurudumu kukwama) kama yako inayo.

Ukikuta inavuja, zima injini na usiguse ufunguo tena. Lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, maana injini ikizimwa pampu haizunguki na giaboksi inasagika ikiwa haina oili inayozunguka. Ita gari la kubebea, au linaloinua mbele.

Tupia hapa picha ya pale shafti ya kushoto inapoingia kwenye giaboksi, kabla mtu yeyote hajapafuta kwa kitambaa.