Mnaoanza kupima mlango wa mto, someni hapa kwanza

Wadogo zangu, nimepitia madaftari yenu ya uwandani, nimecheka, kisha nimeshika kichwa. Tarehe ipo, saa ipo, jina la kituo lipo. Hali ya maji haipo! Yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Bamvu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) au maji mafu (madogo, ya nusu mwezi)? Bila hilo, namba zenu za chumvi na oksijeni hazisemi kitu.

1. Pangeni safari kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, si kwa kalenda. Somo hili nililipia. Nilipokabidhiwa vituo vyangu vya kwanza nilijiona mtu wa nidhamu: kila baada ya wiki mbili, siku ileile, saa ileile. Ripoti ikatoka inang'aa. Chumvi juu ya gramu 30 kwa kilo ya maji karibu kila kituo, oksijeni safi, maji maangavu. Nikaandika bila kupepesa macho kwamba mlango wa mto una afya njema. Mkubwa wangu hakubishana. Alilaza jedwali la maji kando ya orodha ya tarehe zangu, akaniacha nitazame mwenyewe. Maji huzunguka kwa saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku huchelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku 14: karibu saa 12, yaani karibu mzunguko mzima, na saa yangu ileile inakuta maji yaleyale. Bamvu nalo hurudi baada ya siku 15 kasorobo. Yaani miezi ile michache nilikuta maji yamejaa, tena ya bamvu. Nilikuwa napima bahari iliyokuja kututembelea. Mto, na uchafu wake wote, ulikuwa umesukumwa juu kupita kituo changu cha mwisho. Na ripoti ilikwishasambazwa. Kuandika barua ya kuifuta ni jambo moja. Kukutana korido na waliokupongeza ni jingine. Nilijifunza kupita mlango wa nyuma.

2. Shusheni kifaa mpaka chini. Maji ya chumvi ni mazito, hujipenyeza chini ya maji ya mto, na huko oksijeni yaweza kuwa chini ya miligramu 2 kwa lita huku juu kila kitu kikitabasamu. Tena nendeni alfajiri, hata kama mnapenda kulala: usiku kucha mwani hupumua bila kutengeneza oksijeni.

3. Kipima oksijeni kiambieni chumvi ya maji, yaani ingizeni namba yake kwenye kifaa. Kwa nyuzi 25, maji ya mto hubeba hadi miligramu 8.3 kwa lita, ya bahari kama 6.8 tu.

4. Kuna aliyeandika "uchafuzi mkubwa" kwa ushahidi wa pua. Mpendwa, tope la mikoko yenye afya hunuka mayai viza: bakteria wanaoishi pasipo hewa wanatumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi yenye harufu hiyo. Hata ule ukanda wa maji yenye tope katikati ni wa kawaida, kwa sababu udongo mfinyanzi ukikutana na chumvi hugandana. Pua iacheni nyumbani.

5. Naitreti (kirutubisho kinachotoka kwenye mbolea na majitaka) ikipungua kuelekea baharini, msishangilie bado. Ichoreni dhidi ya chumvi. Nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka, maji yamechanganyika tu, hakuna kilichosafishwa. Zikizama chini ya mstari, kuna kinachoila. Zikipanda juu, washeni boti mkatafute bomba la majitaka kati ya vituo viwili.