Madogo wa gereji, baridi hii acheni kukimbilia kubadilisha pedi za breki

Kuanzia Juni mpaka Agosti huku kwetu Mbeya ni yaleyale, gari zinashuka kutoka Makete na Njombe, mwenye gari anasema "fundi asubuhi breki zinakamata ila mchana ziko fresh", na dogo hata hajamaliza kusikiliza ameshafungua nati za tairi. Wanangu nawapenda, ila hapa mnaniudhi kweli.

1. Ugonjwa wa asubuhi unapimwa asubuhi. Gari ilale gereji, isiwashwe wala kusukumwa. Ukipiga nayo raundi ya Uyole saa sita utaikuta nzima, na kwa saa hiyo ni nzima kweli, kesho alfajiri mteja anakupigia simu yuko njiani tairi limegoma.

2. Kutu ya juu juu kwenye disk (sahani inayobanwa na pedi) sio shida. Gari ikilala kwenye umande, breki za mwanzo zinakwaruza na kushika, ukikanyaga mara kadhaa inafutika. Msimuuzie mtu pedi kwa sababu ya umande jamani!

3. Zikigoma tairi za nyuma tu na kulikuwa na sakitu (umande ulioganda), anza na kebo ya handbreki kabla hujagusa dramu, maji yakiingia kwenye kebo yanaganda. Na mteja mwambieni akipaki usiku asivute handbreki, aache gari kwenye gia na aweke jiwe kwenye tairi.

4. Hapa nataka mkae chini. Ilikuja pikapu ya mzee mmoja wa viazi, tairi la mbele kushoto linashika mpaka rimu haigusiki kwa moto. Kijana wetu akabadilisha pedi, ikarudi. Akapeleka disk ikachongwe, ikarudi. Akamwambia mzee anunue kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye disk, mzee akauza viazi alivyotunza kwa ajili ya mbegu akanunua kalipa, na gari ikarudi vilevile, na kumbe muda wote huo ni hosi, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa! Mimi lile la mbegu haliniishi moyoni mpaka leo, maana msimu mzima wa mtu umeliwa na kubahatisha. Njia ilikuwa rahisi tu: piga jeki, kanyaga breki, achia, zungusha tairi. Likigoma legeza nipeli (ile ya kutolea hewa kwenye kalipa) kidogo, mafuta yakiruka na tairi likaachia basi presha imefungiwa, kalipa haina kosa. Lisipoachia, hapo ndo pistoni au pini za kalipa zimekauka grisi. Sasa kama ni presha, funga nipeli, kanyaga tena uachie, ila safari hii legeza nati ya paipu ya chuma kabla haijafika kwenye hosi. Tairi likiachia, kosa liko juu, masta silinda (inayosukuma mafuta ukikanyaga) au busta (inayousaidia mguu kwa vakyum ya injini). Likiendelea kugoma ni hosi imevimba kwa ndani, mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite ila kurudi hayana wa kuyasukuma, na nje utaiona nzuri tu. Baridi inazidisha maana raba inakakamaa na mafuta yanakuwa mazito, ndo maana mchana inajifanya imepona. Spana mbili na jeki, basi, hakuna spea iliyonunuliwa.

5. Msidanganyike kwamba kwenye baridi breki hazichemki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishakula maji inaweza kuchemkia 140 tu, na mtu anayeshuka mlima Kitonga kwa breki bila gia anafika huko mapema sana, pedali inazama. Yamwagwe kila miaka 2. Na anayejazia oili ya injini humo akijua kabisa, huyo kwangu hafanyi kazi, mipira yote inavimba.

6. Pedali ngumu asubuhi: injini ikiwa imezimwa pampu mpaka ikaze, endelea kukanyaga, washa. Ikishuka kidogo busta inafanya kazi, isiposhuka angalia mpira wa vakyum na valvu yake kwanza ndo uje kwenye busta yenyewe.

Wa malori, mitungi ya hewa toeni maji kila jioni, yakilala humo yanaenda kuganda kwenye valvu na asubuhi gari haiondoki.